Bunduki na Ngao za Udongo wa Bibi

Mwezi uliopita mtoto wa mdogo wangu wa kiume alikuja kunitembelea likizo kutoka chuoni Mbeya, akaja na rafiki zake wawili. Walipomaliza kula wakatandika mkeka barazani na kumwaga juu yake vitu ambavyo sikuvielewa mara moja: ramani zilizochorwa kwa kalamu za rangi, visanamu vya plastiki vya watu wenye silaha, na vijiwe vyenye pande nyingi vinavyong'aa kama peremende. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni napeta mchele. Nikawa nasikiliza kwa sikio moja. Mmoja wao alikuwa anasimulia safari, wenzake wanasema watu wao wanafanya nini, na penye shaka wanarusha vijiwe na kusoma namba.

Basi wakafika mahali ambapo mtu mmoja alipigwa risasi akiwa amevaa fulana ya chuma, na hapo ubishi ukalipuka.

"Fulana inamzuia asipigwe!"

"Acha hizo. Kapigwa, ila fulana imemeza maumivu."

"Sasa kama imemeza, kapigwaje?"

Wakafungua kitabu kinene kama Biblia ya kanisani. Nikamuuliza mwanangu kuna nini humo. Akasema, "Shangazi, hii sura nzima ni ya bunduki na mavazi ya vita. Kuna watu huko mbali wamebishana miaka na miaka. Wengine wanasema vazi linafanya usipigwe, wengine wanasema linapunguza jeraha. Mpaka leo hawajakubaliana."

Niliuweka ungo chini, rafiki yangu. Ubishi ule niliujua. Niliusikia nikiwa msichana wa darasa la sita, kwenye jiko la bibi yangu, mvua ikipiga juu ya makuti, na waliokuwa wanabishana walikuwa mdogo wangu wa kiume na mdogo wangu wa kike, na hakuna kati yao aliyekuwa na meno yote.

Ngoja nikupeleke huko.

Nyumba ya bibi ilikuwa ufukweni, kule ambako milima inashuka mpaka karibu iguse Ziwa Nyasa, na mtu anayetoka Mwaya au Ipinda anaona kama barabara imekosa pa kwenda. Bibi mzaa mama alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wote wa pale. Asubuhi ulikuwa unaamshwa na mlio wa udongo unaotwangwa, du, du, du, kila nyumba na mdundo wake, hata ukiwa bado umefumba macho ulijua nani ameamka na nani bado. Harufu ya udongo mbichi ilikuwa kwenye nguo zetu, kwenye nywele, mpaka kwenye ugali. Nyakati za samaki tulikula mbasa wa kubanikwa, mafuta yakidondoka kwenye makaa. Nyakati nyingine ilikuwa ndizi za kuchemsha na majani ya maboga, na tulizila bila kulalamika kwa sababu bibi alikuwa na msemo wake: mdomo unaolalamika na unaotafuna ni mmoja, chagua kazi.

Baba alichukuliwa na ziwa. Mama alimfuata baada ya mavuno mawili, kwa homa ambayo haikutaka kutoka. Tukabaki watatu: mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na kama miaka kumi, na kitinda mimba wetu, msichana mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

Baba alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Ipinda, kwa hiyo ukoo wake ulikuwa na neno juu yetu. Kaka yake, baba mkubwa, alikuja baada ya matanga akasema jambo ambalo kila mtu aliona ni la busara. Bibi amezeeka. Mdomo mmoja ni mzigo mwepesi, midomo mitatu ni gunia. Yeye atamchukua mvulana. Shangazi yetu, aliyeolewa ng'ambo ya Songwe, upande wa Malawi, atamchukua mdogo wa kike. Mimi nibaki na bibi nimsaidie maji na kuni.

Bibi hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, apewe mvua moja. Siku zile chungu kikubwa kilibadilishwa na mpunga, na bei yake ilikuwa tumbo lake lenyewe: ulikijaza mpunga mpaka shingoni, mpunga ukabaki kwako na chungu kikabaki kwa mkulima. Bibi akamwambia baba mkubwa, "Njoo mvua zikiisha. Ukikuta banda langu limejaa vyungu vya kuwalisha hawa, waache. Ukikuta halijajaa, wachukue, na mimi nitawafungia nguo zao mwenyewe."

Baba mkubwa akakubali. Basi sisi tukaishi mvua ile nzima tukiangalia banda, kama watu wengine wanavyoangalia mtoto mgonjwa.

Sasa, mvua ya kwetu Kyela unaijua. Inanyesha mpaka vyura wanachoka. Kazi za nje zinakufa, na watoto wanabanana jikoni na kuku. Bibi akiwa anafinyanga, mabonge yaliyobaki alituachia sisi, na sisi tukafinyanga watu. Mtu mmoja urefu wa kidole. Mimi, kwa kuwa mkubwa, nilikuwa msimulizi. Nilisimulia habari za watu wa ufukweni wanaosafiri kutafuta chumvi, na wavamizi wanaoteremka milimani kuwanyang'anya. Wadogo zangu walisema watu wao wanafanya nini. Huyu anapanda jabali, huyu anajificha kwenye matete, huyu anapiga kasia.

Ulikuwa mchezo mzuri mpaka siku mdogo wangu wa kiume alipompa mtu wake bunduki.

"Paa! Nimekuua."

"Hujaniua, nilikuwa nyuma ya jiwe."

"Risasi inapita."

"Inapita kwenye jiwe? Risasi ya nani hiyo, ya malaika?"

Kesho yake mdogo wa kike naye akafinyanga bunduki. Keshokutwa wavamizi wangu wote wakawa na bunduki. Hakuna tena aliyetaka mkuki, hakuna aliyetaka kasia, hakuna aliyepanda jabali. Hadithi ikawa paa, paa, wote mmekufa, twendeni tukale. Mchezo ulikuwa umeuawa na silaha moja yenye nguvu isiyo na mpaka.

Mtoto mwingine angeutupa. Mdogo wangu wa kiume aliketi mlangoni akiangalia mvua, akasema polepole, kama mtu mzima, "Dada, bunduki ya kweli haiwezi kuwa hivi. Ingekuwa hivi, dunia isingekuwa na watu."

Jirani yetu alikuwa na gobore. Kijiji kilimtegemea kufukuza viboko kwenye mpunga na nguruwe kwenye mihogo. Mvua ilipopumzika tukaenda kwake wote watatu. Tulimkuta anafuta mtutu kwa mafuta ya nazi.

"Shikamoo babu," mdogo wangu akasema. "Tunaomba kujua bunduki inachelewa kiasi gani."

Mzee akamwangalia. "Watu wote huniuliza inaua nini. Wewe unaniuliza inachelewa kiasi gani?"

"Ndiyo, babu."

"Gwe! Wewe, njoo ukae hapa."

Akatuonyesha. Baruti inamiminwa. Kitambaa kinafuata. Vipande vya chuma vinafuata, kisha kitambaa tena, na yote yanashindiliwa kwa ufito, taratibu, kwa sababu ukifanya fujo inakulipukia wewe. Halafu fataki ya kuiwasha. Na baruti ikilowa, hapo umebeba fimbo ya gharama kubwa.

"Sasa kiboko anafanya nini wakati wewe unashindilia?" aliuliza mdogo wa kike.

"Ah, mjukuu wangu, anakuja! Kiboko ukimpiga vibaya hujampiga, umemwita." Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo siendi peke yangu. Naenda na vijana wa mikuki. Mimi napiga, wao wananilinda mpaka nijaze tena. Bunduki bila mkuki ni kiburi."

Mdogo wangu wa kiume alirudi nyumbani akitembea kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba maji kichwani bila ngata. Alipofika alikusanya vigae vya chungu kilichovunjika, akavisugua kwenye jiwe mpaka vikawa viduara vidogo sita, kisha akapaka upande mmoja ule udongo mwekundu ambao bibi alitumia kurembea. Akavitia kwenye kibakuli, akatikisa, akamwaga.

"Vyekundu vikilala juu, ni majeraha," alisema. "Mwenye mkuki anarusha vitatu. Mwenye panga vinne, lakini lazima awe karibu. Mwenye gobore anarusha vyote sita."

"Na uhai?" nikauliza.

Akachukua punje za mpunga, akaziweka mbele ya kila mtu wa udongo. "Hizi ni pumzi zake. Jeraha moja, punje moja. Zikiisha, amekwisha. Na mwenye gobore akishapiga, analala chali. Hasimami mpaka wenzake wote wamefanya zamu yao mara tatu. Na kama kuna mvua kwenye hadithi, kigae kimoja tu chekundu maana yake baruti imelowa."

Rafiki yangu, sijui kama umewahi kuona kitu kinazaliwa. Mimi nimeona watoto wakizaliwa, nimeona ndama, nimeona chungu kikitoka kwenye moto kikiwa kizima. Lakini siku ile, jikoni, moshi ukituuma macho, niliona mchezo uliokufa unafumbua macho yake. Mara watu wakarudi kwenye mikuki yao! Mara jabali likawa na maana, na matete yakawa na maana, kwa sababu yule wa gobore alikuwa wa kutisha na wa kuhurumiwa kwa wakati mmoja. Nilisimulia mpaka sauti ikakauka. Bibi aliacha mikono yake juu ya udongo akasikiliza, chungu kikaanza kuinama upande mmoja, naye akakiacha kiiname.

Kisha ikaja ngao, na ngao ilitusumbua kuliko bunduki.

Mdogo wa kiume alisema mwenye ngao hapigwi kirahisi, kwa hiyo anayemshambulia apunguziwe vigae kabla ya kurusha. Mdogo wa kike alisema sivyo kabisa. Mwenye ngao anapigwa kama watu wote, ila haumii sana, kwa hiyo vigae virushwe vyote, halafu vyekundu vipunguzwe. Walibishana wakichota maji. Walibishana wakichambua mboga. Jumapili walibishana kanisani kwa midomo bila sauti, mpaka mzee wa kanisa akawatenganisha.

"Mbishi wewe!"

"Mbishi wewe, mimi nasema ukweli!"

Mwisho wakaamua kupima. Mdogo wa kike akashika ungo wa bibi mbele yake, kaka yake akamrushia mapera mabichi. Mengine aliyakinga kwa kuruka huku na huku, yakagonga ungo na kudondoka. Kisha akauacha ungo, akajifunga tumboni gunia lililokunjwa mara nyingi, akasimama wima bila kuyakwepa.

Puu! "Imekupiga," akasema kaka mtu.

"Imenipiga," akakubali, anavuta pumzi. "Lakini haijafika."

Mdogo wangu akabaki na pera mkononi. Niliona uso wake unabadilika. "Ni vitu viwili," alisema. "Dada, ni vitu viwili! Cha mkononi kinazuia. Cha mwilini kinapunguza. Sisi tulikuwa tunaviita jina moja."

Bibi alikuwa kizingitini na kiko chake. Yeye hakuwa mtu wa kuingilia michezo, lakini siku ile alisema: "Chungu nacho hakiukatai moto. Kinaugawa. Upande mmoja ukiubeba wote, kinapasuka."

Kutoka kwenye neno lile la bibi, mdogo wa kike akatoa kanuni yake mwenyewe, na mpaka leo naistaajabia kuliko zote. Alisema watu wa udongo wakisimama mabega yamegusana, jeraha la mmoja wanaweza kuligawana. Vyekundu vitatu, wachukue kimoja kimoja, hakuna anayekufa. Kaka yake, bila ubishi wowote, akasema, "Sawa." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwambia sawa kabla ya hapo.

Na banda? Banda lilikuwa linajaa. Bibi alifinyanga kama mtu anayefukuzwa. Vyungu vikubwa vilikaa kivulini vikikauka taratibu, mbavu zao zimesuguliwa kwa kokoto mpaka zikang'aa. Karibu na mwisho wa mvua tukapata siku za jua. Bibi akavipanga vyote uwanjani, akavizungushia kuni na nyasi kavu, kwa moto mmoja mkubwa. Vyungu vile ndivyo vilivyokuwa jibu letu kwa baba mkubwa.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na shida yake. Watu wa udongo mbichi walikuwa wanamomonyoka mikononi. Ngao zilikatika kabla hazijapigwa. Alitaka watu wa kudumu. Basi asubuhi ile, bibi alipoingia ndani kuchukua moto, mdogo wangu alichukua jeshi zima, akaliingiza kati ya vyungu, mmoja hapa mmoja pale, kwenye nafasi zilizobaki. Alidhani anafanya jambo jema. Kwa watoto wa wafinyanzi, kila cha udongo kinapelekwa motoni, ndivyo tulivyokua tukiona. Asilolijua ni kwamba ukuta wa chungu ni mwembamba, unakauka mpaka ndani. Mtu wa udongo ameshiba mwili mzima. Nje amekauka, tumboni bado ana maji. Na maji yaliyofungiwa kwenye moto hayaombi ruhusa.

Wa kwanza alilipuka tukiwa tunamenya ndizi. Tulidhani ni kuni. Akalipuka wa pili, wa tatu, kisha wakawa wanafuatana kama mahindi kwenye kikaango, na kila aliyelipuka alivunja ubavu wa chungu kilichokuwa karibu naye. Bibi alisimama. Hakukimbia, kwa sababu moto wa vyungu hauzimwi. Ukiuzima unavunja vilivyobaki. Tulisimama wote tukasikiliza vyungu vyetu vikipigana mpaka kukawa kimya.

Majivu yalipopoa tulivitoa. Vichache vilikuwa vizima. Vingine ulikuwa unanyanyua mdomo tu na mwili unabaki chini. Mdogo wangu alisimama katikati ya vigae, mikono imening'inia, hata kulia hakuweza. Bibi akaokota kiguu kidogo cha mtu wa udongo, akakigeuza kwenye kiganja.

"Hivi ndivyo walivyo," akamwambia. "Tumboni walikuwa wabichi. Siku nyingine watoboe tundu chini, wapumue."

Basi. Hakuna fimbo, hakuna neno la ukali. Aliingia ndani akakaa kitandani, na mimi niliyemfuata nikamwona anakunja nguo za wadogo zangu, moja moja, akizinyoosha kwa kiganja.

Baba mkubwa alifika baada ya siku chache, na mvua ya mwisho ikaingia nyuma yake kama imemfuata. Aliangalia banda, akaangalia vyungu vichache vilivyobaki, akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Mama mkwe, umejitahidi. Ndaga, asante sana. Kesho nitaondoka na mvulana, na wa kike nitampitisha kwa shangazi yake." Bibi akasema sawa. Vifurushi viwili vilikuwa tayari mlangoni.

Lakini kesho yake mto ulikuwa umefurika, njia ya Ipinda haipitiki, na baba mkubwa akajikuta amebanwa jikoni na sisi na kuku. Mtu mzima, mwenye mashamba ya mpunga na kakao, amekaa kwenye kigoda akiangalia maji yakidondoka.

Wadogo zangu walikuwa wamefinyanga watu wapya, wenye tundu chini. Walikuwa wanacheza kama watu wanaokula chakula cha mwisho, haraka na kwa makini. Baba mkubwa akaangalia. Akasogeza kigoda.

"Huyu kwa nini amelala?"

"Amepiga bunduki, baba mkubwa. Anashindilia."

"Muda wote huo?"

"Ni gobore."

"Hm." Akasogea tena. "Nipeni na mimi watu. Nipeni huyo wa bunduki."

Tukampa. Nikamsimulia: wewe ndiye mkuu wa watu watatu wa ufukweni, wavamizi wanateremka, kuna pango, kuna matete, kuna mtumbwi. Unafanya nini? Akafikiri kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akasema atawagawa watu wake. Mmoja pangoni, mmoja kwenye matete, mmoja mtumbwini. "Wakimpata mmoja, wawili wamepona. Hiyo ndiyo akili."

Mdogo wa kike akatikisa kibakuli. Wavamizi walimfuata yule wa pangoni, akapata vyekundu vitatu, hakuna bega la kugawana naye. Akaisha. Wakaenda kwenye matete. Yule wa gobore alikuwa mtumbwini, amelala chali anashindilia, peke yake.

"Hapana!" baba mkubwa akasema. "Ngoja. Huyu ana ngao."

"Ngao ya mkononi haizuii risasi, baba mkubwa. Risasi haipigi hodi."

"Nani kasema?"

"Jirani."

"Basi ana koti!"

"Hukusema mwanzo kwamba ana koti."

"Nasema sasa!"

"Umechelewa," mdogo wangu wa kiume akasema, kwa upole, lakini bila kurudi nyuma hata kidogo.

Baba mkubwa akapigwa vibaya. Akataka tena. Akapigwa tena. Akavua koti lake la kweli, akakunja mikono ya shati. Alibishana na watoto wale juu ya upana wa ngao, juu ya unyevu wa baruti, juu ya mtu mwoga kama anarusha vigae sawa na mtu jasiri, na wao wakawa wanamjibu na kujibizana wenyewe, mmoja akianza sentensi mwingine anaipinga kabla haijaisha. Bibi alipakua wali na samaki, wali ukapoa. Mara ya mwisho baba mkubwa aliwasimamisha watu wake watatu bega kwa bega. Wavamizi wakatupa vigae vyao vyote, naye akagawa majeraha, punje hapa, punje pale. Hakuna aliyekufa. Akapiga kelele kama mtu aliyeshinda kesi.

"Nani aliwafundisha haya?" akamuuliza mdogo wangu wa kiume.

"Hakuna. Tulibishana tu."

Mto ulipopungua akavaa koti lake. Alisimama mlangoni, akaangalia vifurushi viwili. Hakuviinua. Akamwambia bibi, "Mama mkwe, huyu nikimpeleka kwangu na yule nikimpeleka Malawi, watabishana na nani?"

Bibi akawasha kiko chake.

"Kwangu watoto wanasema ndiyo baba, hapana baba. Huyu ataoza." Akajikuna shingo. "Nitaleta mpunga kidogo baada ya mavuno. Hautatosha. Lakini mikono ya kutwanga udongo na kupeleka vyungu sokoni ni lazima ipatikane, wewe huwezi tena. Kila siku, siyo baada ya shule."

Hakunitazama. Bibi naye hakunitazama. Walikuwa watu wazima wenye adabu, hawakutaka kunipa mtoto mzigo kwa macho. Lakini jikoni tulikuwa wachache, na sisi wote tulijua kuhesabu.

"Mimi," nikasema.

Sikusukumwa, na sijawahi kujuta, usinihurumie. Jumatatu sikuvaa sare. Niliingia kwenye shimo la udongo na jembe, na nilipochimba jembe la kwanza niliwasikia wadogo zangu wakipita njia ya juu kwenda shule, wanagombana juu ya ngozi ya mamba.

Jioni ile mdogo wangu wa kiume alikuja kukaa karibu nami wakati nasugua chungu. Kisha akauliza, "Dada, hii uliyofanya ni kuzuia au kupunguza?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa sababu alistahili jibu la kweli.

"Kupunguza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akachukua kokoto, akaanza kusugua upande wa pili.

Siku hizi ukifika pale utaona ziwa limepanda. Uwanja wa kuchomea vyungu uko chini ya maji, na jiko pia, na watoto wanaogelea mahali bibi alipokuwa anaketi na kiko chake. Bibi tulimzika mlimani, kwenye kaburi kavu. Vyungu bado vipo, watalii wananunua vidogo vya kuwekea maua, lakini hakuna tena anayejaza chungu mpunga ili akichukue; watu wana ndoo za plastiki. Mdundo wa asubuhi umebaki nyumba chache, na ukiamka unasikia pikipiki. Jirani na gobore lake wameondoka wote. Baba mkubwa, ambaye kila mwaka alikuja na gunia lake na hamu ya kulipiza kisasi, hakuwahi kutushinda zaidi ya ile mara moja, na alikufa akidai koti lake lilistahili kuhesabiwa.

Jikoni kule tulikaa watatu, bega kwa bega, miaka yote ambayo mtu anahitaji kukaa na wenzake ili awe mtu. Baadaye mdogo wangu wa kiume aliondoka kwenda kusoma ufundi wa mitambo Mbeya. Mdogo wangu wa kike alivuka Songwe akiwa na nguo zake za harusi, anacheka, akinibishia mpaka dirisha la gari lilipofungwa. Nyumba ikabaki kimya, na kimya kile nakijua mpaka leo. Lakini hakuna aliyepelekwa. Kila mmoja aliondoka kwa miguu yake.